Mawe ya Ica au vinyago vya Acámbaro?

Barazani Bagamoyo ubishi ni huu: kipi kinathibitisha binadamu aliishi na dinosaria?

Mawe ya Ica, Peru, yaliyochongwa picha za watu wakiwa na dinosaria, ndiyo ushahidi dhaifu zaidi. Mkulima Basilio Uschuya alikiri kuyachonga akinakili picha za magazetini, na hakuna anayeonyesha yalikochimbuliwa. Magofu ya Kaole, jirani zetu, yanakadiriwa umri kwa vigae vilivyofukuliwa palepale. Jiwe lisilo na shimo lake, litapimwa kwa lipi?

Vinyago vya Acámbaro, Meksiko, vingine vyenye umbo kama la dinosaria, alivyovikusanya Waldemar Julsrud kuanzia 1944, angalau ni udongo uliochomwa, vinapimika umri. Vipimo vya mwanzo, vilivyosema ni vya kale, viliwapa mashabiki furaha (ya muda). Vya baadaye vikasema vilichomwa karne ya 20. Dinosaria wa Tendaguru, Lindi, wana miaka milioni 150 hivi, kabla sana ya binadamu; basi si mawe wala vinyago vinavyothibitisha.