Kampuni ya upimaji ardhi Moshi, nyota nne kutoka kwetu Mabogini

Wadau mnaoulizia watu wa upimaji Moshi, sisi majirani wa Mabogini, ukishaipita tu Pasua, tuliwatumia jamaa wenye ofisi pale mjini na nawapa nyota nne. Tulijichanga wenyewe wenye mashamba, tunataka kuingia mjini, maana nyumba za mji zishatufikia mlangoni na kwenye makaratasi bado ni kijiji.

Kilichonikosha hawakutudanganya ili wapate hela. Jirani mmoja akasema mbona Marekani, majimbo mengi, wenye ardhi inayopakana na mji wanaomba tu, baraza la mji likikubali wanaingizwa, basi dada wa ile kampuni akamjibu kwa heshima kabisa, mzee wangu huku kupimwa sio kuhamia manispaa. Eneo likitangazwa la upangaji na mchoro wa viwanja na barabara ukipita mnapata viwanja na hati ila halmashauri inabaki Moshi DC ileile, yaani ya wilaya, kusogeza mpaka ni habari nyingine, inaanzia mkutano wa kijiji, kata, baraza la madiwani, DCC (kamati ya ushauri ya wilaya), RCC (ya mkoa) ndo ifike TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na hakuna kampuni inayoweza kukuuzia hilo. Wengine waliotufata kabla walituahidi umanispaa na bei juu, yaani inauma sana kuwafanyia hivyo wazee.

Akatueleza pia kwamba hati ya kimila, ile ya ardhi ya kijiji, haina ukomo wakati hii ya mjini ina miaka yake, mwisho 99, na kodi ya pango la ardhi unalipa kila mwaka. Kuna mama alighairi palepale, wakamrudishia mchango wake bila maneno.

Barabara ndo ilikua vita, kila mtu anataka ipite kwa mwenzake. Walitandika mchoro chini ya mwembe wakaonyesha kila mmoja anamegwa kiasi gani, aliyeliwa sana wakampunguzia upande wa pili, tukatoka na barabara gari la zimamoto linapita na eneo la shule limetengwa. Hapo nawavulia kofia aisee.

Nyota moja nimeikata kwa sababu bikoni, yale mawe ya mipaka, zilichelewa sana, simu hawapokei, na risiti mpaka udai, sasa hela za watu wengi hivyo risiti ni lazima jamani.

Mkienda bebeni namba za NIDA na karatasi za mauziano zenye muhuri wa kijiji. Wahini asubuhi, yule dada mchana anakua saiti.