Umeme ukirudi, seva (kompyuta inayohudumia nyengine) ijiwashe au isubiri mtu?

Suali hili haliishi hapa Pemba, umeme wenyewe tunauvuta Tanga chini ya bahari. Ukiweka kwenye bayosi, ile programu ya mwanzo inayoiamsha mashine, kwamba ijiwashe, saa nane usiku umeme ukirudi kazi inaendelea, hakuna wa kutoka Chake mpaka Wete kubonyeza kidude, ila mara nyengine unarudi unakatika tena pale pale, hapo diski ndo zinaumia, bila UPS, lile betri la kushikilia umeme ukikatika, wallahi mi sithubutu. Ikisubiri mtu diski zinapona, watu wanakaa bure. Na usalama? Paswedi ya kuwashia inaua kujiwasha kwenyewe, seva inasimama inadai paswedi, bora uweke ya kuingilia setingi za bayosi tu. Skuli yenye fundi mlango wa pili isubiri, duka la mbali lenye UPS ijiwashe.