Miezi sita na kinanda changu: staili tamu, majina yanapoteza

Kwa upande wa sauti sina ugomvi na kinanda changu cha umeme. Besi imeshiba, ngoma zina uhai, na nikibadili kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa mkono wa kushoto, staili, yaani mdundo wa kusindikiza uliomo ndani ya kinanda, inafuata papo hapo. Kinachonisumbua tangu nikinunue ni majina ya staili.

Chukua 8 Beat. Kijana ninayemfundisha aliliamini jina, akahesabu hadi nane, akawa anabadili kodi kila baada ya baa (fungu la mapigo) mbili badala ya moja. Hakukosea yeye, jina ndilo lilimdanganya. Staili hiyo ni nne kwa nne ya kawaida, yaani mapigo manne kwa kila baa, na hiyo nane ni haihati (matoazi mawili ya ngoma) inayogonga mara mbili katika kila pigo. 16 Beat nayo ina mapigo manne yaleyale, ila haihati inagonga mara nne kwa pigo. Slow Rock haina tarakimu hata moja kwenye jina, na wakati huohuo kila pigo lake limegawanywa mara tatu, kwa hiyo masikioni ni kumi na mbili kwa nane, yaani vipigo vidogo kumi na viwili kwa kila baa. Waltz angalau ni tatu kwa nne, haina utata.

Balaa lenyewe liko kwenye 6/8. Humu zimo staili mbili zenye tarakimu hizo. Moja imetengenezwa kama sita kwa nane ya kweli, na tempo yake (namba ya kasi kwa dakika) inahesabu noti za robo, ambazo moja na nusu ndiyo hufanya pigo kubwa moja. Nyingine ni mbili kwa nne iliyojazwa tripleti (noti tatu ndani ya pigo moja), tempo ikihesabu pigo kubwa. Mwendo uleule mmoja unasomeka 90 kwenye ya kwanza na 60 kwenye ya pili! Siku moja mazoezini nilihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kugusa tempo, wimbo ukaenda mbio, na waimbaji wa sauti ya kwanza wakaishiwa pumzi kabla hatujafika kwenye kiitikio.

Siku hizi staili ngeni naiwasha ngoma tupu, natazama namba ya baa kwenye skrini, nahesabu mapigo hadi igeuke. Kisha naihifadhi kwa jina ninaloliandika mwenyewe, hesabu ikitangulia.

Nakipa nyota nne. Kinanda chenyewe kinaijua hesabu, maana metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) hubadilika kila staili inapobadilika. Kuionyesha pembeni ya jina kungechukua nafasi ya herufi tatu tu.