Makumbusho ya Kapenguria: tengeni nusu siku nzima

Nilimpeleka babu Kapenguria mwezi wa nane, kwa matatu kutoka Kitale. Makumbusho yenyewe ni madogo, lakini msiyapite mbio, hasa seli walimofungiwa wapigania uhuru sita wa Kenya. Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko walihukumiwa pamoja Aprili 1953, miaka saba ya kazi ngumu kila mmoja.

Babu alisimama mlangoni muda mrefu. "Kaggia alitaka wasio na shamba wapewe bure," akaniambia, "na hapo ndipo undugu ulipokatika." Kweli, Kaggia aliondoka serikalini 1964. Mwaka 1966 yeye na Oneko wakamfuata Jaramogi Odinga kwenye KPU, chama cha upinzani, huku Ngei akibaki upande wa Kenyatta. Chama kilipopigwa marufuku 1969, Oneko akawekwa kizuizini tena, safari hii na serikali ya Kenyatta, mtu aliyefungwa naye! Nilisoma haya shuleni, lakini hayakuwahi kuniuma hivi.

Napendekeza kwa moyo wote, hasa mkiwa na mzee anayekumbuka miaka hiyo. Mwacheni aongee. Na bebeni sweta, Kapenguria kuna baridi.