TAHADHARI: Anauza sanamu za Laurel na Hardy kwa picha zisizo zake

Wakusanyaji wenzangu, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi yetu akitangaza sanamu za machale, yaani wachekeshaji, wa sinema za zamani: Laurel na Hardy (wawili waliocheza pamoja, Stan mwembamba na Oliver mnene), Chaplin, Buster Keaton, Harold Lloyd. Zote anadai ni za kipimo cha 1/6, yaani kama sentimita 30 kwa mtu mzima aliyesimama. Picha zake zinavutia sana, ila kinachofika nyumbani kwako ni kitu kingine kabisa. Jina analotumia silitaji, kwa sababu amekwisha kulibadilisha na atalibadilisha tena. Mtindo wake ndio ule ule, na huo ndio nataka muujue.

Anachukua picha za sampuli ya matangazo ya sanamu halali, ile ambayo fundi ameipaka rangi kwa mkono, taratibu, kabla kiwanda hakijaanza kazi. Anakata kona yenye alama ya kampuni. Anaandika kwamba mzigo anao mkononi, zimebaki chache, kila moja ina namba yake na cheti. Bei yake iko chini ya bei ya kawaida, lakini si chini kiasi cha kukushtua, na hapo ndipo anapowapata watu makini. Kisha anakuomba ulipe kwa PayPal, huduma ya kutuma fedha mtandaoni, kwa njia ya marafiki na familia, eti mkwepe makato. Njia hiyo haina ulinzi wa mnunuzi hata chembe: ukishatuma, imetoka. Walio Afrika Mashariki anawapa namba ya simu ya "wakala" wawatumie huko, na namba hiyo baadaye haipokelewi.

Mimi niliagiza jozi ya Laurel na Hardy. Mzigo ulifika, na hilo nalisema kwa haki. Tapeli wa aina hii hutuma kitu ili asiweze kushtakiwa kwamba hakutuma. Nilipomvua Hardy kofia, chini yake palikuwa na kichwa laini kilichopakwa rangi nyeusi kama kiwi ya viatu. Zile nywele chache zilizolala kwenye paji la uso, ambazo kila aliyewahi kumtazama Oliver Hardy anazijua, hazikuwepo. Macho yalikuwa duara mbili nyeusi zinazotazama mbele. Kidevu cha pili kilikuwa mstari tu uliochorwa kwa brashi. Tumbo lilikuwa kipande cha sponji kilichofungwa kwenye mwili mwembamba, na nilipouweka mwili huo kando ya ule wa Laurel, ilikuwa miili pacha, urefu sawasawa.

Urefu huo peke yake unatosha kumkamata. Hardy hakuwa mnene tu, alikuwa mrefu pia, karibu sentimita 185, na alimzidi Stan Laurel kwa sentimita kama 10 hivi. Kwa kipimo cha 1/6, Hardy lazima ampite mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Kampuni inayoheshimu kazi yake hutengeneza miili miwili tofauti. Mnakili hununua mwili mmoja wa bei rahisi na kuuvalisha suti mbili.

Nilipolalamika alinijibu kwamba kufanana ni suala la macho ya mtu: mmoja ataona Hardy, mwingine hataona, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Jibu hili amewapa wengi, na wengi wamelikubali wakanyamaza. Ndiyo maana naandika kwa urefu. Kufanana si maoni matupu. Kuna mambo mtu anaweza kuyakagua kwa rula, kwa picha za sinema zenyewe na kwa macho yaliyotulia, na yakikosekana, umeuziwa kitu ambacho hakikuwa kwenye tangazo.

Machale hawa ni rahisi kughushi kwa sababu walijijengea alama. Chaplin ana kofia ndogo ya mviringo, kikoti kinachobana, suruali inayopwaya, viatu vikubwa, fimbo na vile visharubu. Mvalishe mtu yeyote vitu hivyo na jicho litasema "Chaplin" kabla hujautazama uso. Vile visharubu vyenyewe vilikuwa vya kubandika. Chaplin alieleza kwamba alichagua vidogo ili aonekane mtu mzima bila kuficha mabadiliko ya uso wake. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza siku zote ni hiki: funika kofia na masharubu kwa vidole viwili, kisha tazama kilichobaki. Chaplin wa kweli bado yupo pale, kwenye nyusi, kwenye macho yaliyozungushiwa wanja, kwenye midomo. Kikibaki kichwa cha mtu yeyote, umelipia nguo.

Kwa Laurel, fanya hivyo hivyo. Uso wake ni mrefu, kidevu kirefu, masikio yanajitokeza, macho madogo na mdomo mpana unaoweza kuangua kilio wakati wowote. Vua kofia: nywele zinapaswa kusimama wima. Halafu zitazame kofia zenyewe. Ukingo wa kofia ya Laurel umenyooka, wa Hardy umejikunja juu pembeni. Laurel huvaa tai ya kipepeo, Hardy tai ndefu, ile aliyokuwa akiichezea kwa vidole akiona aibu. Kwenye jozi yangu kofia zote mbili zilitoka kalibu (umbo la kumiminia) moja na wote wawili walikuwa na tai za kipepeo. Mchongaji anayependa kazi hii hawezi kukosea hapo, maana ni mambo yanayoonekana katika filamu baada ya filamu tangu walipoanza kufanya kazi pamoja kwa mtayarishaji wa filamu Hal Roach miaka ya 1920.

Rangi ya macho nayo iangalieni. Laurel alikuwa na macho ya bluu iliyopauka sana, mpaka filamu za zamani, zile ambazo hazikushika rangi zote sawasawa, zilimletea taabu: macho yake yalitoka meupe. Hivyo sanamu ya rangi yenye Laurel wa macho ya kahawia iliyokolea imepakwa na mtu asiyemjua Laurel. Zipo pia sanamu zinazopakwa kijivu kitupu ili zifanane na sinema yenyewe, na mimi nazipenda kuliko za rangi. Lakini hapo napo tofauti ya mwanga na giza kwenye uso lazima iwepo. Za huyu bwana ni kijivu kimoja kuanzia paji mpaka kidevu.

Rafiki yangu mmoja aliletewa Harold Lloyd, akining'inia kwenye mkono wa saa kama katika *Safety Last!* ya 1923. Miwani yake ilikuwa na vioo vya plastiki vinavyong'aa. Miwani ya Lloyd ilikuwa fremu tupu, bila kioo, ili taa za studio zisiakisi. Na kuna jambo la mkono wa kulia: mwaka 1919 bomu lililodhaniwa kuwa la maigizo lilimlipukia Lloyd akapoteza kidole gumba na cha shahada. Baada ya hapo alivaa glovu yenye vidole bandia kwenye filamu zake. Wachongaji wazuri hulifikiria hilo wanapochonga mkono ule. Keaton sina haja ya kumwelezea sana. Kofia yake ni bapa, alikuwa akizitengeneza mwenyewe na kuzikaza kwa maji ya sukari, na uso hautabasamu. Mkiletewa Keaton anayetabasamu, rudisheni.

Sasa, tuwe waadilifu. Si kila sanamu isiyofanana ni utapeli. Kiwanda kinapaka rangi mamia ya vichwa, na hakuna kitakachofikia sampuli ya fundi mmoja. Tena picha ya simu inadanganya: ukiisogeza kamera karibu na uso wa sanamu, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma hatua moja, vuta kwa zumu, ndipo ulinganishe. Badilisha picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha iweke kando ya picha ya mchekeshaji iliyopigwa kutoka pembe hiyo hiyo, na iwe ya umri huo huo. Hardy wa 1929 na Hardy wa 1951, mwaka wa filamu yao ya mwisho, ni nyuso mbili tofauti. Nimeona watu wakilaumu mchongaji hodari kwa sababu tu walilinganisha na picha ya mwaka usio wake.

Tofauti ya kazi dhaifu na nakala ya wizi inaonekana kwenye resini, ile plastiki ya kumimina inayotengenezewa sanamu. Anayenakili humwagia silikoni sanamu halali, akapata kalibu, akamimina resini yake. Kila hatua inapoteza kitu. Kichwa kinatoka kidogo kuliko cha asili, makunyanzi ya macho yanafifia, mstari wa midomo unakuwa mviringo. Tazama nyuma ya masikio na chini ya kidevu kwa mwanga wa dirishani. Kwenye Hardy wangu kulikuwa na vitobo vya mapovu ya hewa, vingine vimezibwa kwa rangi. Boksi nalo lina lake la kusema. Sura za machale hawa zina wenye haki hadi leo, na bidhaa halali huwataja. Boksi la Chaplin, kwa mfano, kwa kawaida huandikwa Bubbles Incorporated, kampuni yenye haki za sura yake. Boksi langu halikumtaja yeyote.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji yeyote apige picha za sanamu aliyo nayo mkononi: uso wa mbele, ubavu, robo tatu, kofia imevuliwa, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mwenye mzigo anapiga kwa dakika chache. Huyu alimwambia mwenzetu mmoja kwamba kufungua boksi kutashusha thamani, mwingine akamwambia mzigo uko ghala la nchi nyingine, wa tatu akatumiwa picha zile zile za tangazo. Ziingizeni picha za tangazo kwenye utafutaji wa picha wa Google. Za kwake zilinipeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa kampuni iliyozipiga.

Waliokwisha kulipa kwa kadi au kwa njia ya PayPal yenye ulinzi, fungueni dai la bidhaa isiyolingana na maelezo, na msilifungue kwa maneno "haifanani". Andikeni: urefu wa miili ni sawa, kofia ni kalibu moja, tai si ile iliyo kwenye tangazo, hakuna alama ya mwenye haki. Ambatanisheni picha yenye rula. Mwenzetu aliyeandika hivyo alirudishiwa fedha zake zote, wakati dai lake la kwanza, lililosema tu kwamba sura ni mbaya, lilikataliwa.

Na angalieni cheti. Changu kinasema 127/500, yaani sanamu ya 127 kati ya 500. Cha yule rafiki wa Lloyd kinasema 127/500. Juzi mkusanyaji mwingine, aliyeko Muscat, amenitumia picha ya cha kwake cha Chaplin, na ni 127/500, sahihi ile ile, hata doa la wino chini ya namba liko mahali pale pale. Mwenye cheti chenye namba hiyo anitumie picha yake. Tunazikusanya ili tuzipeleke pamoja kwa kampuni ambayo kazi yake imeibwa.