Miezi 14 na programu ya rasilimali watu kwa wafanyakazi wasiokaa ofisini

Shirika ninalolifanyia kazi lina wafanyakazi 34, na tangu mwanzoni mwa mwaka 2024 halina ofisi ya kuwatosha wote. Mkataba wa pango la ghorofa tuliyokuwa tukiitumia jijini Dar es Salaam ulipokwisha, uongozi uliamua kubaki na vyumba viwili Sinza, na wengine wote wakafanyie kazi walipo: wengi Dar es Salaam, wachache Arusha na Mwanza, wawili Nairobi. Idara ya rasilimali watu ni mimi peke yangu, pamoja na mhasibu anayenisaidia kila mwisho wa mwezi. Kwa sababu hiyo, Machi 2024 tulianza kulipia programu ya mtandaoni ya kusimamia wafanyakazi, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa bado tuna mkataba na wenyewe.

Programu hiyo ina sehemu tatu, yaani majalada na likizo, mishahara, na mahudhurio, na tulizinunua zote kwa shilingi 8,500 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Muuzaji aliisifu zaidi sehemu ya tatu. Baada ya miezi 14 naweza kusema kwamba hiyo ndiyo ambayo tungeweza kuishi bila kuiona.

Nianze na majalada, kwa sababu huko ndiko fedha yetu ilikorudi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja, miongoni mwa mengine, mahali pa kazi na saa za kazi. Mikataba yetu yote ilikuwa inataja ghorofa ambayo tulikuwa tumekwisha kurudisha funguo zake. Niliandika nyongeza ya mkataba inayotaja mahali kila mtu atakapofanyia kazi, saa ambazo lazima apatikane, vifaa alivyokabidhiwa, na posho ya bando na umeme, kisha nikaituma kwa wote kupitia programu. Watu waliisoma na kuitia sahihi kwenye simu zao, na kwa siku nne zilikuwa zimerudi 33. Ya mwisho ilikuwa ya mhariri wetu wa siku nyingi, ambaye alisema sahihi isiyo na wino si sahihi, akapanda daladala hadi Sinza kuiweka.

Kuwapokea waajiriwa wapya nako kumefanyika vizuri, ingawa orodha ya kazi iliyokuja na programu iliandikwa na mtu aliyekuwa na jengo kichwani mwake. Ilitaka nithibitishe kwamba mgeni ameonyeshwa mlango wa dharura, jiko na maegesho. Niliifuta yote nikaandika yangu: kompyuta mpakato imefika Mwanza kwa basi na imewaka, laini ya bando imesajiliwa, anayo meza na kiti cha kukalia saa nane bila kuumia mgongo, anamjua kwa jina mwenzake mmoja asiye bosi wake ambaye anaweza kumpigia na kumuuliza jambo dogo. Kipengele hicho cha mwisho nakiona kuwa na uzito kuliko vingine, kwa sababu ofisini maswali madogo hujibiwa kwa kugeuza shingo, ilhali mtu aliyeko peke yake Mwanza hukaa nayo hadi yanapokuwa makosa makubwa. Programu inaruhusu kubadilisha orodha hizi bila kumwita fundi, na kwa hilo inastahili sifa.

Upande wa likizo ulianza kwa kutupa zawadi tusiyoikusudia. Sheria yetu inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 21 za kazi. Programu inafahamu siku za kazi tu, hivyo nilipoingiza 28 ilizisoma kama siku 28 za kazi, na dada mmoja wa Arusha akaidhinishiwa mapumziko ya zaidi ya wiki tano. Hatukumnyang'anya, kosa halikuwa lake. Lakini ilinibidi niwaandikie wengine 31 walio chini ya sheria ya Tanzania kuwaeleza kwa nini salio lao limepungua bila wao kwenda popote, na barua ya namna hiyo mtu akiisoma peke yake nyumbani huonekana kali kuliko ingesemwa kwenye korido.

Sasa mahudhurio. Kila mfanyakazi huweka kwenye kompyuta yake programu ndogo inayorekodi muda aliofungua mashine, inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi, na inayomwandika mtu "hayupo" kipanya kisipoguswa kwa robo saa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa dhaifu au ikapotea kabisa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Jumatatu asubuhi nilifungua ripoti kupitia simu, baada ya kuhangaika sana, nikakuta watu 29 wameandikwa watoro. Programu ilikuwa imekwisha kuwatumia onyo la kwanza kwa ujumbe mfupi wa simu, huduma pekee iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa siku hiyo. Kijana wetu wa hesabu alinijibu: "Dada, onyo limefika, kazi ndiyo haiwezi kufika."

Nilifuta maonyo yale moja moja kwa mkono, kwani hakuna njia ya kuyafuta kwa pamoja. Lakini tukio hilo lilinifanya nianze kuzisoma ripoti za siku za kawaida kwa jicho jingine. Mhariri wetu wa wino alikuwa akionekana mvivu kupindukia, kwa sababu huchapisha muswada na kuusoma kwa kalamu. Mtu mmoja aliyekuwa na asilimia 98 ya uwepo alikuwa amechelewesha taarifa mbili za wafadhili. Umeme ukikatika Mbagala, mtu wa Mbagala hana nidhamu, ukirudi, amejirekebisha. Ripoti haikunijulisha hata mara moja kama kazi imefanyika, na hilo ndilo jambo pekee ambalo wakuu wa vitengo walikuwa wakiniuliza.

Halafu kuna picha za skrini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linaloeleweka na zisizidi kile kinachohitajika kwa kusudi hilo. Nilipozipitia picha za wiki moja nilikuta salio la benki la mtu, majibu ya maabara ya mtoto wa mwingine, na mazungumzo ya WhatsApp ya familia kuhusu mahari. Sikuwa nimeomba kuyajua hayo, na sikuona kusudi lolote la kikazi ambalo lingehalalisha kubaki nayo. Nilipowauliza wenye programu picha hizo zinahifadhiwa nchi gani na kwa muda gani, jibu lilinifikia baada ya wiki tatu, likiwa kiungo cha sera ya kurasa nyingi isiyosema kati ya hayo mawili hata moja.

Tulizima sehemu yote ya mahudhurio Julai 2024. Mahali pake tuliweka utaratibu usiohitaji programu: kila Jumatatu mfanyakazi na msimamizi wake huzungumza kwa simu dakika kumi na tano, huandika kazi tatu zitakazokamilika wiki hiyo, na Ijumaa huandika zilizokamilika na zilizokwama pamoja na sababu. Nilitumia siku mbili kuwafundisha wasimamizi, hasa wale ambao kwa miaka mingi walipima kazi kwa kuangalia nani kawahi kiti. Wawili kati yao bado hupiga simu saa mbili na dakika moja asubuhi.

Kuhusu mishahara nitasema kwa ufupi. Kwa wafanyakazi wa Tanzania hesabu za kodi ya mshahara (PAYE), michango ya hifadhi ya jamii (NSSF) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi zilikuwa sahihi kila mwezi. Kwa wale wawili wa Nairobi, Kenya ilipoanza kukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHIF, mfuko wake mpya wa bima ya afya, Oktoba 2024, programu iliendelea kukata mchango wa NHIF, mfuko wa Kenya uliotangulia, kwa miezi miwili, na mhasibu wetu ndiye aliyeligundua kosa hilo. Mwenye watu katika nchi zaidi ya moja asiiache programu hii ifanye kazi hiyo bila jicho la mtu.

Huduma kwa wateja hujibu kwa heshima na kwa kuchelewa. Suala la siku 28 nililifungulia tiketi Aprili 2024, na hadi naandika haya bado linasomeka kuwa linashughulikiwa.

Tumeongeza mkataba kwa mwaka mmoja, kwa sehemu ya majalada na ya mishahara tu, na bei imeshuka hadi shilingi 5,000 kwa mfanyakazi. Kwa bei hiyo ningeipendekeza kwa shirika la ukubwa wetu ambalo bado linafukuzana na sahihi za watu walioko mikoani. Likizo za wafanyakazi wa Tanzania nazihesabu mwenyewe kwenye jedwali la Excel, kisha naziingiza.