Warsha ya batiki shuleni kwetu Tabora: kuchora safi, kupika rangi balaa

Kikundi cha sanaa kilikuja shuleni kwetu kufundisha batiki, yaani kuchora kwa nta kwenye kitambaa kisha kukichovya rangi. Nianze na sufuria, maana hasira yangu yote iko humo. Ni ile kubwa ya alumini ya uji wa asubuhi. Mkufunzi wa rangi aliiomba kwa mama mpishi akidai ni ya kuchemshia maji tu. Akayachemsha kweli, akaitua chini, kisha akamimina humohumo kostiki soda, ile kemikali kali inayounguza ngozi. Kostiki kwenye alumini! Tena maji yakiwa ya moto! Ikafoka povu hadi kwenye ukingo, mvuke ukakaba watu koo, na kidato cha pili wamejipanga duara kama wanamtazama mganga. Jiko la mkaa bado linawaka hatua mbili tatu kutoka pale, na gesi inayotoka kostiki ikila alumini ni haidrojeni, ambayo inashika moto.

Nikamwambia watoto wasogezwe. Jibu nililopewa mbele yao: "Mwalimu wangu, tulia. Kazi hii tumezunguka nayo mikoa mingi." Akaendelea kukoroga, mikono yake ndani ya glavu ndefu za mpira. Watoto hawakuwa na glavu. Glavu zilikuja za wakufunzi peke yao.

Nataja mambo haya kwa sababu tangu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, uanze mwaka 2024, vikundi vya kufundisha sanaa vinabisha hodi mashuleni, na wakuu wa shule wengi hawajui waulize nini kabla ya kulipa. Basi waulize hivi: kostiki mnachanganyia kwenye chombo gani? Akisema sufuria yoyote, mpe chai aondoke.

Chombo ni ndoo ya plastiki ngumu, au enameli isiyobanduka, au chuma cha pua. Maji ya kawaida yanatangulia, kostiki inafuata kidogokidogo huku unakoroga kwa mti. Usimwage maji juu ya kostiki hata siku moja, yatachemka palepale na kukurukia usoni. Kostiki inajipasha moto yenyewe ikikutana na maji, kwa hiyo ukianza na maji ya moto umeshaharibu. Ikishayeyuka ndipo unaiunganisha na rangi uliyoiloweka pembeni, halafu haidrosi, ile kemikali ya unga inayosaidia rangi iyeyuke na kuingia kwenye kitambaa. Wengi hupima kijiko kimoja cha rangi kwa viwili vya kostiki na viwili hadi vitatu vya haidrosi, kutegemea rangi yenyewe. Haidrosi ikae kwenye kopo kavu lililofungwa vizuri. Ikipata unyevu inapata joto na inaweza kuwaka yenyewe, na hata kabla ya hapo nguvu imekwisha. Ya hawa jamaa ilikuwa kwenye mfuko wa rambo uliofungwa fundo.

Halafu limao. Binti mmoja alirukiwa na tone mkononi, mkufunzi akaagiza limao liletwe "kuua makali". Limao! Kostiki ikimgusa mtu ni maji, maji, maji, yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, na nguo iliyolowa inavuliwa. Ukiweka limao au siki unaongeza joto juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Na ndoo ya maji safi ilipaswa kuwa pale kabla kopo halijafunguliwa, lakini ilibidi mtu akimbie bombani. Binti yuko salama, alhamdulillah, na si kwa juhudi za kikundi.

Sasa nikiri, maana haki ya mtu apewe. Siku ya kuchora ilikuwa nyingine kabisa. Dada aliyefundisha kuchora ni fundi, na ni mwalimu pia, vitu viwili ambavyo si lazima viende pamoja. Alianza kwa kuchomoa uzi kwenye kitambaa akauchoma: ukibaki majivu laini na harufu ya karatasi, ni pamba, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, kuna nailoni au polista ndani, na rangi hizi hazitashika. Akawachorisha kwanza kwenye magazeti, maumbo makubwa, bila vijistari vingi. Akawaeleza mpaka wakaelewa kwamba nta inalinda rangi iliyopo chini yake, kwa hiyo unatoka rangi nyepesi kwenda nzito: unalinda nyeupe, unachovya njano, unalinda njano, unachovya nyekundu, mwisho kahawia au nyeusi. Ukianza na nyeusi huna pa kurudi.

Hata kwenye nta alikuwa makini. Aliiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, si moja kwa moja juu ya mkaa, na mfuniko karibu. Nta ikitoa moshi imezidi joto. Ikiwaka unafunika, ukitia maji, moto unalipuka. Akawaonyesha watoto kugeuza kitambaa: nta iliyopenya inaonekana hata upande wa pili, ile iliyoganda nyeupe juu imepakwa ikiwa baridi na rangi itapita chini yake.

Ila kikundi kilimpa mishumaa mitupu. Yaani unakuja Tabora, mkoa wa asali, na mishumaa mitupu! Nta ya nyuki ipo, unauliza tu warina asali. Mishumaa peke yake inakauka ikawa kama gamba na kupasuka, rangi inaingia kwenye nyufa. Kwa mandhari ya nyuma nyufa zinapendeza, wengine wanazitaka kabisa. Lakini mtoto amechora uso wa bibi yake, nyufa zikipita juu ya jicho umemharibia. Yule dada mwenyewe ndiye aliyeagiza nta ya nyuki mjini, akachanganya nusu kwa nusu. Tokea hapo mistari ikasimama.

Zikatoka kazi ambazo sikuzitegemea: mizinga ya magome ikining'inia kwenye miombo, miembe ya mtaani, treni ya reli ya kati imejaa abiria.

Ndizo zilizoingizwa kwenye lile sufuria.

Kostiki iliyotakiwa kuyeyusha rangi ilikuwa imeishia kula alumini, rangi ikabaki chengachenga. Vitambaa vilikuwa vipya na havikuchemshwa kwa sabuni kuondoa wanga wa dukani. Muda wa kuchemsha ulikuwepo, lakini ulitumika na kiongozi wao kusimulia jinsi UNESCO ilivyoitambua batiki ya Indonesia kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2009. Historia ni njema, nani amekataa, ila wangeisimulia sufuria ikiwa inachemka. Kibaya kuliko vyote, rangi ilikuwa bado ya moto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, mishumaa mara nyingi chini ya hapo, na inalegea mapema zaidi. Kwa batiki rangi iwe vuguvugu, mkono ndani ya glavu usihisi kuungua. Mizinga ikageuka mabaka. Treni haikuonekana tena.

Nyota moja, basi. Hapana, ngoja. Kesho yake dada yule alichukua ndoo ya plastiki, akapika rangi upya taratibu, akawavalisha watoto glavu kwa zamu, wanne wanne. Rangi za aina hii kitambaa kinatoka kwenye ndoo na sura nyingine kabisa, kikipigwa na hewa kivulini ndipo kinageuka polepole kuwa rangi yake. Watoto walipiga kelele mpaka madarasa ya jirani yakachungulia. Kwa saa hiyo moja ningetoa nyota tano.

Kwa shule ya msingi lakini nasema hapana, hata akiwa yeye. Wadogo wafanyie uji mzito wa unga wa muhogo badala ya nta, kama Wayoruba wa Nigeria wanavyofanya kwenye adire, vitambaa vyao vya kutia rangi, na rangi ya maji baridi inayoshikishwa kwa magadi soda. Hiyo nayo inataka glavu, lakini si kostiki.

Kikundi kimeandika kinataka kurudi muhula ujao na kimepandisha bei. Mama mpishi bado anadai sufuria yake. Walipe kwanza sufuria, halafu wamlete yule dada peke yake. Yule mwingine abaki huko kwenye mikoa yake mingi.